Rivasi ya Costancia

Mwaka wa Operesheni Vijiji, mbele ya stesheni ya Kilosa, ilibaki nafasi moja ya kuegesha. Costancia, dereva wa Landrova ya ofisi moja ya serikali, sketi ya kaki na kilemba cha kitenge, aliingiza gari kichwa mbele, akazima. Lori lililokuwa likirudi rivasi kuingia hapohapo likafunga breki. Akashuka kijana mwenye suruali ya bugaluu.

"Dada, gari huingizwa kinyumenyume," alisema. "Ukitoka, unatoka unaona njia."

"Na wewe ukiingia kwa watu, unatanguliza mgongo?"

Kijana, jina lake Beda, alicheka hadi akaegemea boneti. Siku chache baadaye akapiga simu ofisini kwa Costancia, naye mwenyewe akapokea.

"Namtaka yule anayeegesha vibaya."

"Ametoka, mpenzi. Amekwenda kutafuta anayeongea vizuri."

Wakapendana. Lakini siku moja bwana mkubwa alimnyang'anya Costancia funguo, akamweka kupika chai. Lupakisyo, dereva mwenzake, alimnong'oneza: "Beda wako ndiye aliyemwambia bosi kuwa hujui rivasi."

Costancia hakulia. Simu za Beda alizikata bila salamu, na kila birika lilipochemka alifikiria namna ya kumlipiza.

Lupakisyo alipougua malaria, Costancia akarudishiwa Landrova na kutumwa Mikumi. Huko akaliona lori la Beda limeegeshwa kinyumenyume, ukuta wa hoteli nyuma, mifereji ubavuni. Pa kutokea ni mbele tu. Akaisogeza Landrova hadi bampa zikakaribia kubusiana, akafunga milango, akaenda kuagiza wali. Aliula taratibu. Ulikuwa mtamu.

Beda alimfuata mezani, kavaa koti jeusi na tai, jasho linamtiririka.

"Costa, toa gari. Nina safari."

"Nimeambiwa sijui rivasi. Nitalitoaje?"

"Nani kakuambia?"

"Si wewe uliyemweleza bosi?"

"Mimi nilimfuata bosi kukuombea funguo. Aliyekusema ni Lupakisyo. Gari lako alipewa nani?"

Kijiko kikasimama. Gari lake alipewa Lupakisyo, na yeye kwa hasira hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Wazee wawili waliovaa makoti walikuwa wamechoka kungoja garini, wakaingia.

"Shikamooni," alisema Costancia.

"Marahaba. Binti, tuhurumie. Tunampeleka mpwa wetu kuposa, kijijini Magole, kwa mzee Damiano. Jua linakwenda."

Costancia akasukuma sahani kando. Mzee Damiano ndiye aliyemzaa.

Akatoka, akaiondoa Landrova kwa rivasi moja iliyonyooka. Wazee wakatazamana. Beda hakusifu.

"Unisamehe, mpenzi," alisema Costancia.

"Bado. Rudisha gari Kilosa, kisha utapanda lori pamoja nasi. Utamweleza baba yako mwenyewe kwa nini wajomba zangu wamefika jioni na njaa."

Ndivyo Beda alivyomlipiza. Njia nzima Costancia alibanwa katikati ya wajomba, vumbi usoni, na Beda akipiga mluzi. Walipofika Magole alipiga magoti mbele ya baba yake, akasimulia yote, hata utamu wa wali. Mzee Damiano alijikaza asicheke, akashindwa.

"Basi, mwanangu, huyu kijana unamkubali?"

"Namkubali, baba," alijibu Costancia. "Ila Lupakisyo asialikwe. Huyo bado sijamalizana naye."

"Kwa huyo," alisema Beda, "tutakwenda wote wawili."