Aliyepigwa Akahesabiwa Mpigaji

Kaunta ya kituo cha polisi ilijaa watu, na kila mtu alikuwa anapaza sauti isipokuwa wale waliokuwa na sababu ya kulia. Mbele kabisa alisimama mwanamke wa gauni la kijani, mkoba wa kitambaa begani, kisigino kimoja cha kiatu kimeanza kulegea. Alikuwa ametumwa na ofisi yake ya utafiti kutafuta takwimu za watoto: wangapi wamekamatwa, wangapi wameibiwa au kupigwa, wangapi wamefikishwa mahakama ya watoto. Koplo wa kaunta alimtazama kama ameombwa figo.

"Dada, takwimu za nini? Andika tu vijana wameharibika. Kazi imekwisha."

"Nitaandika, afande. Na chini nitaweka jina lako, ujulikane wewe ndiye mtaalamu."

Nyuma yake mtu akaangua kicheko. Mwanamke akageuka kwa hasira. Aliyecheka alikuwa mwanaume mrefu, shati jeupe lenye vinywele vilivyonasa kwenye kola, mikono inanukia spiriti na poda. Kinyozi. Amemshika bega mdogo wake, mwanafunzi, jicho moja limevimba mpaka limeziba, damu ikimtoka puani. Wanaume wawili wazima walikuwa wamempiga akitoka shule na kumnyang'anya simu.

"Una kicheko cha kuudhi," mwanamke alisema.

"Samahani, dada yangu. Ni siku nyingi sijasikia mtu akimjibu mtu wa kaunta."

Mwanamke alipoliona lile jicho, hasira ikamtoka. Akasogea pembeni. "Mtoto anavuja damu. Mwandikie kwanza, afande."

Koplo akafungua kitabu kikubwa, akaandika jina la kijana kwenye ukurasa wa watoto. Ukurasa mmoja tu. Waliopiga humo, waliopigwa humo, wezi humo, walioibiwa humo, kwa sababu wakubwa wa juu walikuwa wanadai namba moja tu ya watoto kila mwezi. Hakuna mkubwa aliyewahi kuuliza ndani ya namba hiyo kuna nini. Wangeulizaje? Watoto wao hawapigwi njiani, wanapelekwa shule kwa gari.

"Lakini huyu amekuja kulalamika," mwanamke alisema.

"Mtoto ni mtoto. Ndio utaratibu."

Walipotoka nje, kinyozi alimfuata mpaka getini. "Nipe namba yako, nikujulishe jicho likipona."

"Jicho la nani?"

"La mdogo wangu. La kwangu ndiyo kwanza limeugua leo."

Mwanamke alitaka kukaza uso, ukamkatalia. Akampa namba.

Ndivyo walivyoanza. Kila jioni, akifunga duka, kinyozi alipiga simu.

"Bi Takwimu, umekula?"

"Nimekula. Na usiniite hivyo, nitafikiri wewe ni bosi wangu."

"Bosi wako anakuita mpenzi?"

"Na wewe hujaniita."

"Basi mpenzi. Umekula, mpenzi?"

Mwanamke akacheka mpaka jirani yake akagonga ukuta. Siku za mapumziko alikwenda kukaa kwenye benchi la kinyozi, chini ya kioo kilichopasuka kona, redio ikiimba, vijana wa mtaa wakisubiri zamu. Aliwauliza mambo nao wakamwambia: nani alipigwa na askari, nani aliporwa akaogopa kwenda kituoni. Mdogo wa kinyozi, jicho limeshapona, akawa anamletea maji ya kunywa na kumwita shemeji kabla hata kaka yake hajathubutu kulitaja neno lenyewe. Mtu haujui utamu wa sauti ya mwenzake ndani ya nyumba mpaka nyumba inyamaze. Hawa wawili walikuwa bado hawajui, na ilikuwa haki yao kutojua.

Ripoti ikaisha. Namba ya watoto aliyopewa kituoni hatimaye aliiandika ilivyo, lakini chini yake akaweka maelezo: wengi katika watoto hawa ni walioumizwa, si walioumiza, polisi wanawaandika pamoja. Mkurugenzi wake, mwanaume wa tai nyekundu na manukato yaliyofika mlangoni kabla yake, akayafuta kwa mstari mmoja maelezo yale.

"Wakubwa hawasomi maelezo, binti. Wanasoma namba."

"Bila maelezo namba hii ni uongo, mkurugenzi."

"Unaitaka kazi hii au huitaki?"

Alikuwa na mama mgonjwa na kodi ya chumba, akaipeleka ripoti bila maelezo. Na hakumwambia kinyozi.

Wiki iliyofuata kinyozi alikuwa ananyoa kidevu cha fundi viatu, mteja wake wa zamani, redio ikaanza kusema. Mkuu wa usalama alikuwa anaisoma ile namba kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Vijana wa mtaa ule, alisema, ndio wahalifu wakubwa wa jiji. Utafiti umethibitisha. Msako unaanza leo.

"Utafiti wa nani huo?" fundi viatu akauliza, povu mdomoni.

Mkuu wa usalama akaitaja ofisi yenyewe. Kinyozi akashusha wembe. Kabla hajasema neno, gari la polisi lilisimama mlangoni. Wakabeba kila kijana aliyekuwa kwenye benchi, na mdogo wake aliyekuwa anafagia nywele sakafuni. Kinyozi akamshika askari mkono. "Huyu ni mwanafunzi! Kafanya nini?"

Askari akasoma jina, akapiga simu kituoni, akatikisa kichwa. "Huyu ana rekodi. Jina lake limo kwenye kitabu."

Hebu fikiri. Siku aliyokwenda kuomba msaada wao ndiyo wameigeuza kosa lake.

Kinyozi alimpigia mwanamke simu palepale.

"Mpenzi, nilitaka nikuambie..."

"Usiniite mpenzi! Umekaa kwenye benchi langu, umekunywa maji ya mdogo wangu, ukaenda kutuuza."

"Sikuwauza. Nilieleza, wakafuta."

"Walifuta lini?"

"Nisikilize kwanza, tafadhali."

"Nakuuliza, walifuta lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na kila jioni unaniambia umekula! Wiki nzima umekula na hilo tumboni!" Akakata. Mwanamke alipopiga tena, simu iliita mpaka ikachoka.

Kijana alifungwa pamoja na watu wazima, kwa sababu chumba cha watoto pale kituoni kilikuwa kimejazwa viti vibovu vya maafisa. Sheria inakataza. Sheria imeandikwa vizuri sana, kwa karatasi nzuri. Kesi ilipotajwa ikaahirishwa, eti afisa ustawi wa jamii, anayetakiwa kuwepo kwenye kesi ya mtoto, hajafika. Ikatajwa tena, hajafika tena. Mshahara wake ulikuwa unafika bila kuahirishwa. Kinyozi alifunga duka, akawa anashinda kwenye ukumbi wa mahakama na shati moja, ndevu zake mwenyewe zimemwota ovyo.

Siku kesi iliposikilizwa, mwanamke wa gauni la kijani alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbi. Kinyozi alimpita kama anapita nguzo.

"Sikuja kuongea na wewe," mwanamke alimwambia. "Nimekuja kuongea na hakimu."

"Umechelewa."

"Najua. Nitaongea hivyohivyo."

Asubuhi ile mkurugenzi alikuwa amemwambia kwamba akitia mguu mahakamani asirudi ofisini. Mwanamke akaziacha funguo za droo juu ya meza ya mkurugenzi, akaja.

Mahakama ya watoto ilikuwa chumba kidogo chenye feni isiyozunguka. Hakimu, mama wa makamo mwenye macho ya usingizi, alimruhusu mwanamke aingie. Mwendesha mashtaka hakuwa na ushahidi mwingine; alisema kijana anafahamika kituoni, jina lake limo kitabuni. Mwanamke akaomba kusema.

"Mheshimiwa, nilikuwepo siku jina lake lilipoandikwa. Alikuwa anavuja damu. Alikuja kushtaki waliompiga. Koplo yule pale ndiye aliyemwandika, nami nilimwambia anakosea."

Hakimu akavua miwani. "Koplo, ni kweli?"

Koplo akatazama viatu vyake. "Ndio utaratibu, mheshimiwa. Watoto wote tunawaweka pamoja."

"Na waliompiga, mliwatafuta?"

Koplo akaanza kukifungua na kukifunga kifungo cha mfuko wa shati lake.

"Kijana aachiwe sasa hivi," hakimu alisema, akasukuma faili kana kwamba linanuka.

Hakuna aliyemwomba mtoto radhi. Mwendesha mashtaka aliita kesi inayofuata. Nje, kijana alitoka na nguo zilezile za siku ya msako, midomo imekauka, haangalii mtu. Kaka yake akamkumbatia, akamwachia, akamkumbatia tena. Kisha akamgeukia mwanamke.

"Kazi?"

"Sina tena."

"Bado nina hasira na wewe."

"Una haki. Mimi mwenyewe nina hasira na nafsi yangu. Niliogopa, yeye akalala chini kwenye saruji."

"Nina hasira na koplo, na mkurugenzi wako, na yule wa redioni, na afisa ustawi ambaye sijawahi hata kuiona sura yake. Haziishi leo wala kesho." Akajifuta uso kwa kiganja. "Lakini nikikaa nazo peke yangu zitaniua. Nataka nikasirike nikiwa na wewe, nyumba moja. Asubuhi tukawapigie kelele, jioni turudi wote. Unanielewa?"

"Hiyo ndiyo posa?"

"Ndiyo niliyonayo."

"Mbaya sana hiyo." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mama atakuuliza umeniahidi nini."

"Mwambie kelele."

"Basi nimekubali. Lakini wiki nzima usiponipigia tena, nitakunyoa kwa panga."

Kinyozi akamshika mkono palepale, mbele ya askari wa lango. Kijana akalivuta shati la kaka yake.

"Kaka. Shemeji. Tuondokeni hapa mlangoni," alisema, sauti imekwaruza. "Wasije wakatuhesabu tena."