Bibi wa Fanuel

Jumamosi moja, soko la Bull Ring limejaa pomoni, Kerubo alikuwa akichagua samaki kitabu kinene kilipomwangukia kikapuni.

"Ala! Nisamehe, dada," kijana mmoja akasema.

Kiswahili, katikati ya Birmingham! Kerubo, nesi wa Kisii aliyependeza ndani ya koti jekundu na buti za kufika magotini, akamtazama juu mpaka chini: suruali pana miguuni, nywele timtim, macho ya kucheka.

"Unasoma huku unatembea? Utagongwa na basi, kaka."

"Huyu mwandishi Mrusi ameniteka. Riwaya zake ni michezo ya kuigiza mitupu! Watu wanaingia sebuleni bila hodi, wanatoboleana siri, mmoja anazimia. Naigeuza iwe mchezo wa Kiswahili. Nimekosa tu mwanamke wa kuwasuta wageni wote."

"Kwa kusuta, umefika."

Jina lake Fanuel, kwao Lushoto, mwanafunzi wa chuo kikuu. Ikawa kila jioni ya mazoezi Kerubo anatoka kwake Stechford mpaka ukumbi wa kanisa Selly Oak, na baadaye Fanuel anamsindikiza kituoni akimwita kipenzi, naye anajifanya hasikii ili aitwe tena. Alimpenda, kwisha.

Wiki ya onyesho, simu ikalia.

"Kipenzi, leo nitachelewa. Bibi yangu anaumwa kule nyumbani. Nasubiri kuunganishiwa simu ya Lushoto."

"Bibi yako?"

"Nampenda mno yule, Kerubo. Kila mara ananiuliza nitarudi lini."

Kerubo akakata simu bila kuaga. Akalia, akanawa uso, akapaka wanja, akavaa koti lake. Kumpoteza Fanuel kulimuuma, lakini kuchezewa hakukubali.

Alifika ukumbini wakati wa zamu yake, kwenye karamu ya uchumba. Fanuel, aliyeigiza mchumba, akamnyooshea pete. Katika mchezo, Kerubo alitakiwa kuipokea.

"Mwongo!" akafoka. "Una bibi nyumbani, tena mgonjwa, na huku unanivisha pete! You should be ashamed!"

"Superb!" Madhu, binti wa Kampala aliyeigiza mama mkwe, akapiga makofi. "Hiyo iko wapi kwa script?"

Fanuel akashusha pete. "Kerubo, bibi yangu ana miaka themanini!"

"Umeoa ajuza?"

"Nimeoa? Bibi! Mama yake mama! Kwani kwenu Kenya bibi ni nani?"

"Bibi ni mke!"

Madhu akaanguka kitini kwa kicheko, na ukumbi mzima ukamfuata. Masikio ya Kerubo yaliwaka kwa aibu, ila hakushusha macho.

"Umemaliza kunisuta?" Fanuel akauliza.

"Bado. Bibi anaendeleaje?"

"Amepata nafuu. Ameniuliza nitaoa lini."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba nimo mazoezini." Akamsogelea, pete ingali mkononi, na sasa hakuwa akiigiza. "Sitaki uwe bibi yangu, Kerubo. Nataka uwe mke wangu. Hayo ya ubibi tutayafikia pamoja, polepole."

Kerubo alijawa na furaha, na sauti yake ikafika viti vya nyuma.

"Nimekubali," akasema, akinyoosha kidole. "Ila ukifika kwa baba yangu, sema bibi."