Aliyeachwa Kisimani

Shemeji yangu ni mpima ardhi, na wapima ardhi si watu wa kusadiki mambo ya gizani. Ukimwambia kiwanja kina mashetani, atakuuliza kina mita ngapi. Kwa hiyo aliponisimulia haya sikuwa na sababu ya kumshuku. Alisimulia akiwa ameinamisha kichwa, na tangu amwoe dada yangu sikuwahi kumwona akiinamisha kichwa mbele ya mtu.

Yalianza Jumapili ya kawaida kabisa. Saa nane mchana dada alikuwa sebuleni anapiga pasi mashati ya kazi ya wiki nzima. Shemeji alikuwa chumba cha pili, amevaa visikizio, mbele yake kompyuta na kikombe cha chai kilichokwisha kupoa. Alikuwa anacheza. Mchezo wenyewe hauna mpira wala karata. Watu wanakutana mtandaoni kwa sauti. Mmoja anasimulia safari ya hatari, na kila mchezaji ana mtu wake ndani ya safari hiyo, anasema mtu wake anafanya nini. Jambo likiwa gumu, anarusha dadu ya pande ishirini kwenye kompyuta na wote wanaiona namba. Namba ikifikia kiwango, umefaulu. Kiwango anakijua msimulizi peke yake.

Msimulizi alikuwa shemeji. Wenzake walimwita Ramani, maana ngome na mahandaki yote ya mchezo aliyachora mwenyewe, kwa vipimo kamili, kama mtu anayetafutia ngome hati miliki.

Wachezaji walikuwa wanne: mfamasia mwenye haraka zake, mwalimu wa hesabu, fundi wa lifti ambaye hata msibani hakosi mzaha, na binti wa mama mdogo wa shemeji. Huyu binti alikuwa mgonjwa wa mapafu. Miaka miwili hakutoka nje ila kwenda kliniki. Akizungumza, alisema maneno matatu, akapumzika, akavuta pumzi, ndipo akasema matatu mengine. Fundi alimbatiza Dada Pole, naye akalipenda jina hilo. Ndani ya mchezo alikuwa mbeba taa, anayewatangulia wenzake kila penye kiza.

Pumzi zake ndizo zilizoleta maneno. Zamu yake moja ilikula nusu saa. Wengine walikuwa na kikundi chao cha meseji cha pembeni, ambacho yeye hakuwamo, na huko mfamasia akaandika: "Ramani, tunampenda, lakini mchezo unakufa."

Fundi akajibu: "Nikingoja amalize sentensi nitastaafu kabla ya kutoka handakini."

Mwalimu hakuandika neno. Aliweka kidole gumba tu, cha kukubali.

Shemeji angeweza kukataa. Ndiye aliyemwingiza binti kwenye mchezo, ndiye aliyemfundisha, na ni damu yake. Lakini naye alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka akisikia wengine wanasema lililo moyoni mwake, hujiona hana kosa.

Jumapili iliyofuata aliwashusha wote kwenye kisima kikavu chini ya ngome, mita kumi na mbili kwenda chini. Walichokifuata wakakipata. Wakaanza kupanda kwa kamba, mmoja mmoja. Mwalimu alipata kumi na tano, akatoka. Mbeba taa akawa wa mwisho. Dadu ikazunguka, ikatulia. Kumi na nane.

"Nimetoka?" aliuliza, na furaha ilisikika hadi kwenye pumzi.

Kwenye karatasi ya shemeji, kiwango kiliandikwa kumi na nne. Akaitazama. Kisha akaigeuza kifudifudi.

"Hapana," alisema. "Ilitakiwa kumi na tisa. Kamba imekatika."

"Pole, Dada Pole," fundi akasema, akacheka kidogo.

"Kwa hiyo mimi... nimekufa?"

"Huna hata mchubuko. Subiri hapo chini. Wenzako wataleta kamba nyingine."

"Haya, kaka. Taa ina... mafuta ya kutosha. Nitasubiri."

Akasubiri. Jumapili tatu aliingia wa kwanza na kutoka wa mwisho. Wenzake walikuwa kwenye misitu na masoko ya mbali, wanapigana, wanacheka, mchezo unakwenda mbio. Kila baada ya muda ilisikika sauti yake: "Zamu yangu... bado?" Na shemeji akajibu bado kidogo, bado kidogo, hadi neno hilo likamchosha kinywani. Wiki ya nne wakahamia chumba kingine cha mtandaoni, siku ya Jumamosi. Dada Pole aliambiwa mchezo umesimama, kaka kabanwa na kazi.

"Haya, kaka," alisema. "Kazi kwanza."

Wiki sita baadaye, Jumanne ya tarehe tisa, alifariki.

Msibani shemeji alibeba viti, alipokea wageni, alifanya kila kazi isiyomlazimu kukaa. Mwishowe mama mdogo akamshika mkono penye upenyo wa jikoni. "Ulimpa kitu cha kungojea, mwanangu," akasema. "Kila Jumapili alioga, akavaa nguo nzuri, akakaa mbele ya kompyuta mpaka jioni. Nikimuuliza mbona kimya, ananiambia mnamtafutia kamba."

Shemeji alitoka nje na kusimama nyuma ya tangi la maji.

Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili mama mdogo alimtumia kifurushi ofisini. Ndani mlikuwa na daftari la binti, lile aliloandikia habari za mbeba taa wake. Alikuwa amelifunga kwa leso siku ile ile ya kifo na kuliweka kabatini, kisha akaona heri likae kwa kaka yake. Shemeji alilifungua mchana kweupe, wenzake wakibishana juu ya mpaka wa shamba meza ya pili.

Binti aliendelea kucheza peke yake. Kila wiki aliandika mistari michache. *Nimehesabu mawe ya ukutani, mia mbili na sita. Nimeimba kidogo. Taa nimeishusha utambi ili mafuta yafike.* Hakulalamika mahali popote, na hilo ndilo lililomkata shemeji maini.

Halafu akafika hapa:

*Jumamosi, tarehe sita. Wako juu yangu. Mfamasia ameuliza, hivi yule mbeba taa tulimwacha wapi? Fundi amesema, ameshageuka jiwe la kisima. Wamecheka wote. Kaka amecheka wa mwisho.*

Shemeji alilisoma mara tatu. Maneno yale yalisemwa, neno kwa neno, Jumamosi ya tarehe sita. Yalisemwa kwenye chumba kipya, na Dada Pole hakukijua chumba hicho.

Akafunua ukurasa.

*Jumamosi, tarehe kumi na tatu. Leo hawakuja. Kuna watu wanalia mahali, sijui ni wapi.*

Mwandiko ni ule ule, umelalia kushoto, na nafasi pana kila baada ya maneno matatu. Tarehe kumi na tatu walikuwa wameshamzika.

*Jumamosi, tarehe ishirini. Taa imezimika. Sasa naona vizuri zaidi.*

Alimpigia mama mdogo. Nani alilishika daftari hili? Hakuna, mwanangu. Lilikuwa kwenye leso, kabatini, na fundo nilifungua mimi leo asubuhi. Kuna nini? Hakuna kitu, mama. Hakuna kitu.

Jumamosi ya tarehe ishirini na saba, saa nane mchana, aliwaita wachezaji wote watatu kwenye chumba cha zamani. Hakuwaeleza habari za daftari. Aliwaambia tu kwamba haifai kumwacha mbeba taa chini, hata kama mwenye kumcheza hayupo tena. Hakuna aliyebisha. Hata fundi hakuwa na mzaha.

"Mmefika kisimani," shemeji alianza. Jua lilikuwa limepiga dirishani. Sebuleni redio ya dada ilikuwa inasoma bei za mazao. "Mwalimu anashusha kamba. Mita tano. Mita nane. Kumi. Kumi na mbili."

"Imefika chini," mwalimu akasema.

Shemeji alifungua kinywa aseme imefika.

"Kumi na tatu," alisema.

Hakukusudia kusema hivyo.

"Kumi na nne. Kumi na tano."

"Ramani," mwalimu alinong'ona. "Kisima si mita kumi na mbili?"

"Ndiyo. Kumi na sita. Kumi na saba."

"Mbona kamba bado inashuka?"

Alijaribu kufumba mdomo, mdomo ukakataa. Namba zilikuwa zinatoka zenyewe, kwa sauti yake, taratibu, kama anavyozisoma kazini kila siku. Ishirini. Ishirini na tano. Jasho likamtiririka kwapani. Redio sebuleni ikanyamaza. Thelathini. Thelathini na moja.

"Imekaza," alisema.



Halafu wakaisikia. Pumzi. Moja. Ya pili. Ya tatu. Kimya. Moja. Ya pili. Ya tatu. Kimya.

"Nani huyo?" mfamasia aliuliza. "Jamani, nani hakuzima maikrofoni?"

Pembeni mwa kioo cha kompyuta huwa kuna orodha ya waliomo. Ramani. Mfamasia. Mwalimu. Fundi. Chini yao kulikuwa na mstari wa tano. Hauna jina. Taa yake ya kijani inawaka pumzi inapokuja, inazima pumzi inapokata.

"Tunavuta?" fundi alinong'ona.

"Vuteni."

Dadu ikaanza kuzunguka. Hakuna aliyeirusha. Ilizunguka muda mrefu kuliko dadu yoyote waliyowahi kuiona, kisha ikasimama.

Kumi na nane.

Pumzi zikakoma. Si kwamba ziliondoka. Zilizuiliwa, kama anavyozuia mtu anayengoja jibu.

Shemeji alijua anangojwa nini.

"Inatosha," alisema. "Ilitosha na siku ile. Kiwango kilikuwa kumi na nne. Nilimdanganya. Alikuwa ametoka, nikamrudisha."

Mfamasia akaanza kulia. Kwenye visikizio pumzi moja ndefu ilishushwa, ndefu mno, ya mtu ambaye mapafu yake hayana tatizo lolote. Mstari wa tano ukafutika. Mwalimu alitoka bila kuaga, kisha mfamasia. Fundi ndiye aliyebaki mwisho. "Mimi ndiye niliyeanza kucheka," akasema, "kila mara mimi ndiye niliyeanza." Naye akatoka. Hawajacheza tena, na nijuavyo hawajazungumza tena.

Kesho yake shemeji alikwenda kwa mama mdogo. Alimkuta anakunja nguo za binti, anazipanga kitandani kwa rangi. Akamweleza yote, kuanzia kikundi cha pembeni hadi ile karatasi aliyoigeuza. Alidhani atafukuzwa. Nadhani alitaka afukuzwe.

Mama mdogo aliendelea kukunja. "Alijua," akasema.

"Alijua nini, mama?"

"Kwamba umemdanganya. Aliniambia jioni ile ile. Mama, mwalimu ametoka kwa kumi na tano, mimi nimezuiwa kwa kumi na nane. Nikamwambia, basi achana nao, wana nini cha kukupa? Akasema, nikiondoka kaka atajua kwamba nimejua. Ataona aibu." Akalainisha shati kwa kiganja. "Ndiyo akakaa. Alikuwa anakusitiri wewe."

Shemeji alipiga magoti pale penye zulia. "Nisamehe, mama."

"Mimi unaniomba bure, mwanangu. Si mimi niliyekaa kisimani." Hakusema kwa ukali. Alimpa hata maji ya kunywa, akamsindikiza hadi mlangoni, akamwambia awasalimie nyumbani.

Haya mengine nimeambiwa na dada, maana shemeji hayasemi.

Jumatatu asubuhi shemeji alikuwa anavaa, na dada akaona kitu mgongoni mwake. Michubuko. Mstari mmoja mwekundu, upana wa kidole, unamzunguka kifua chini ya kwapa, unapita mgongoni na kukutana na fundo katikati. Alama ya fundo ilionekana wazi, hadi msokoto wake. Dada alimpeleka hospitali kwa lazima. Daktari aliipapasa, akaigeukia tena, mwishowe akauliza kama kazi yake ni ya kuchimba visima, kwa sababu alama za namna hii aliwahi kuziona kwa watu wanaoshushwa kwa kamba. Shemeji akasema hapana, yeye hupima juu ya ardhi tu. Wakampa dawa ya kupaka.

Huu ni mwezi wa nane tangu siku hiyo na alama haijapona. Siku za wiki hufifia, dada huanza kupata matumaini. Ikifika Jumamosi, saa nane mchana, shemeji huingia chumba cha pili na kurudishia mlango. Hawashi kompyuta. Hukaa kitini kimya, na ukimwita haitiki hadi jioni. Akitoka, alama ni mbichi, na fulana ya ndani ina unyevu wenye baridi.

Dada hufua fulana hizo kwa mkono. Kila wiki, kwenye beseni, hubaki nyuzi za katani, ndefu, nyeusi kwa matope. Nyumbani kwao hakuna kamba. Amezihifadhi zote kwenye mtungi wa kioo juu ya friji, na wiki iliyopita alinionyesha. Anasema za wiki za mwanzo zilikuwa fupi.