Wavu Tumboni mwa Alois

Alois alikuwa mrina asali katika kijiji cha ujamaa karibu na Igalula. Kila asubuhi mkewe, Veneranda, alimpa uji, naye akaenda msituni na wenzake kutundika mizinga. Alipenda kupanda miti, na alipenda zaidi kusifiwa.

Mwaka mmoja ngiri ilimtoka kinenani. Alipanda garimoshi hadi Tabora, akapasuliwa. Daktari alishona palipolegea, kisha akaweka ndani wavu mdogo wa plastiki ili paimarike. Alimweleza faida ya wavu na hatari zake. Alois alisikia neno moja tu: imara.

Aliporudi nyumbani alijigamba.

"Nina wavu tumboni. Hata gunia la karanga nainua."

"Daktari kakwambia uinue?" Veneranda aliuliza.

"Mama Modest, wavu huu haukatiki."

Basi akainua mzinga. Kidonda kikafunguka pembeni. Baadaye kikawa chekundu, kikatoa usaha. Veneranda alimwambia aende zahanati, lakini Alois aliogopa kuchekwa. Akamwendea Jilala, mrina mwenzake.

"Mzinga ukipasuka tunauziba kwa kitu gani?" Jilala alimuuliza.

"Kwa nta."

Ndivyo watu wazima wawili walivyoyeyusha nta na kuziba kidonda kama mzinga. Kesho yake Alois alitetemeka kwa homa. Veneranda alikasirika, na alikuwa na haki. Alimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akampeleka zahanati.

Nesi Apolinaria alitazama ile nta, akatikisa kichwa.

"Baba Modest, usaha ulikuwa unatafuta njia ya kutoka. Ninyi mmeufungia mlango."

"Kumbe wavu ni kitu kibaya?"

"Si kibaya. Unasaidia ngiri isirudi. Lakini hukuzaliwa nao. Vijidudu vikiingia kwenye nyuzi zake, kuvitoa ni kazi. Pengine daktari hulazimika kuutoa wavu wenyewe."

"Ukitolewa?"

"Ngiri inaweza kurudi. Hapo kupanda miti basi."

Alois aliogopa kwelikweli. Hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda.

Siku hiyohiyo alipelekwa Tabora. Madaktari walifungua kidonda, wakatoa usaha, wakakisafisha na kumpa dawa. Bahati yake, vijidudu havikuwa vimefika kwenye wavu. Wavu ukabaki.

Aliporudi, Apolinaria alimwonya mbele ya mkewe.

"Kidonda kikiwa cha moto, kikitoa usaha, maumivu yakizidi au uvimbe ukirudi, njoo. Hata baada ya miaka, njoo. Ukitapika na tumbo likajaa, nenda hospitali saa hiyohiyo. Na usibebe kitu kizito mpaka daktari akuruhusu."

"Hatabeba," Veneranda alisema. Na kweli hakubeba, maana mama huyo hakuwa na mchezo.

Msimu wa asali ulipofika, daktari alikuwa ameshamruhusu. Alois alipanda miti tena, safari hii bila haraka.

Jioni moja Jilala alikuja kwake. Aliketi, akafunua shati. Alikuwa amejifunga kitambaa kinenani, kimekaza.

"Na mimi ninayo," alisema. "Ya miaka mingi. Nilikuwa naona haya."

Alois hakumcheka.

"Kesho nakusindikiza kwa nesi," alimwambia. "Na daktari akianza kukueleza, Jilala, msikilize mpaka amalize."