Majina ya Kuazimana

Herufi za kwanza zilitoka chafu, kama kuku kaparura kioo cha laptop. Theonest, fundi kompyuta wa Katoro mwenye mdomo mkubwa kuliko karakana yake, akacheka.

"Spidi hazijalingana tu, mzee. Usinitolee macho."

Mzee Masele, mwenye duara, yaani shimo lile la dhahabu, hakucheka. Kiboksi kinachoendesha pampu yake ya maji kilikuwa kimezima tangu asubuhi, nacho hakina skrini. Ndiyo maana Theonest alichomoa kadi yake ya kumbukumbu, akaiagiza keneli, ule moyo wa mfumo, imwage maneno yake kwenye waya wa siriali uliofika hadi laptop: console=ttyS0,115200. Chini huko, mita arobaini, watu wawili walikuwa wamezibiwa njia na maji yaliyozidi kupanda: Luka, mdogo wa Theonest wa tumbo moja, na Donatus, mume wa Paskalia muuza chapati.

"Luka, vumilia!" Theonest aliita shimoni.

"Usitaje majina hapo!" Masele alinong'ona. "Mizimu ya chini huchukua anayetajwa. Ndiyo maana vijana huazimana majina kabla ya kushuka. Hata leo..."

"Hizo kawasimulie mbuzi wako, mzee. Niache na kazi."

Akarekebisha spidi. Mistari ikashuka safi: kumbukumbu, kadi, saa. Kisha ikasimama. Harufu ya udi uliolowa ikapanda kutoka shimoni. Keneli ikaandika:

*Wako wawili. Nipe jina la mmoja, pampu iwake.*

"Nani ananichezea?" Akachomoa waya, akautupa chini, na herufi zikaendelea kuja, moja moja, bila haraka, huku waya umelala kwenye tope kama nyoka aliyekufa, huku kutoka shimoni kukisikika mtu akikohoa maji, akikohoa tena, kisha kimya.

"Shemeji, watatoka?" Paskalia aliuliza nyuma yake.

Akaifunika skrini kwa kiganja. "Watatoka, Mama Nelly."

Kwa mkono mwingine akaandika: Donatus.

Pampu ikanguruma. Maji mekundu yakaruka nje, watu wakashangilia. Baada ya saa nzima kamba ikatikiswa, wakavuta. Akatoka mtu mmoja, tope tupu. Theonest akamfuta uso.

Donatus.

"Luka yuko wapi?"

Meno ya Donatus yaligongana. "Kitu kiliita 'Donatus', mara moja tu. Akavutwa kama kitambaa. Leo tuliazimana, kaka. Mimi nilikuwa Luka. Yeye ndiye alikuwa Donatus."

Paskalia akapiga magoti topeni, akaishika mikono ya Theonest, akavibusu vidole.

"Mungu akubariki, shemeji! Umenirudishia Baba Nelly!"

Juu ya bega la mwanamke yule Theonest aliiona laptop. Waya ulikuwa bado topeni. Mstari mmoja ulikuwa umeandikwa, safi, bila herufi hata moja iliyokosewa:

*Kaka, huku kuna giza. Nani kanitaja?*