Shanga Zilizonasa Risasi

Kila asubuhi Mama Chiriku alikaa barazani na cherehani yake. Binti yake alikaa miguuni pake, naye akaanza kazi ya mdomo. Mtoto huyo walimpa jina la utani la Chiriku kwa sababu hakuwa na breki. Aliuliza kwa nini sindano ina jicho lakini haioni. Aliuliza vifungo hulala wapi. Mama alishona, akaitika "ehe", akashona tena.

Nyuma ya nyumba alifanya kazi mumewe, Fundi Betri. Alipasua betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi iliyokuwamo. Hatua chache kutoka karakana yake palikuwa na kisima cha pampu. Majirani wote wa uchochoro ule walichota hapo. Maji yake yalikuwa meupe pe.

Kisha Chiriku akaanza kunyamaza. Alilalamika tumbo. Alisukuma sahani pembeni. Akiulizwa jambo, alitazama tu. Mama akampa dawa ya minyoo. Akachemsha maji ya kunywa mpaka yakatokota sana. Hali ikawa ile ile, naye akampeleka mtoto zahanati.

Daktari alipima damu. Akasema kwa upole, "Mama, damu ya mtoto ina risasi."

"Risasi? Nani kampiga mwanangu?"

"Si ya bunduki. Ni madini ya risasi. Yale yaliyo ndani ya betri. Je, nyumbani kuna mtu anayefanya kazi ya betri?"

"Baba yake, nyuma ya nyumba, karibu na kisima," alisema Mama Chiriku. Akatafuta kiti.

Daktari akatuma mpima maji, dada mmoja mrefu aliyevaa buti za mpira. Alichukua maji ya kisima akaenda kuyapima. Aliporudi hakuzunguka maneno. Risasi ilikuwa nyingi kupita kiwango salama.

"Lakini maji ni safi, dada," alisema Fundi Betri. "Na mke wangu anayachemsha."

"Risasi iliyoyeyuka majini huioni, kaka, wala huionji. Kuchemsha kunaua vijidudu. Madini hayafi. Maji yakipungua sufuriani, risasi inabaki."

Fundi Betri akaingia karakana. Akatoka na sumaku ya spika kuukuu, akaitumbukiza kwenye ndoo.

"Sumaku haivuti risasi," dada alimwambia taratibu. "Ipo njia ya kuitoa, nitarudi na wenzangu. Kwa sasa mtu yeyote asinywe maji haya wala kuyapikia."

Alipoondoka, mume alikaa juu ya betri, kichwa mikononi. "Tuzibe kisima kimya kimya," alisema. "Tuseme pampu imekufa. Wakijua, nitaweka wapi uso wangu?"

"Na jirani yetu mpishi? Ana mimba, na anakunywa maji hayo hayo. Wakidhani ni pampu tu, wataitengeneza wachote tena."

Mama Chiriku akajifunga khanga akatoka. Alibisha mlango kwa mlango, akasema ukweli wote. Wengine walifoka. Mpishi hakufoka. Aliweka mikono juu ya tumbo lake, akauliza, "Mlikuwa mnajua?"

"Hatukujua. Tumejua leo. Nenda zahanati wakupime damu, tafadhali."

Mpishi akafunga mlango polepole. Mama Chiriku aliona heri angeubamiza.

Tangu siku hiyo maji yaliletwa kwa lori. Fundi Betri alifunga karakana. Watu wenye ujuzi walikuja wakachimba udongo wenye risasi wakaupeleka mbali. Kisha dada mwenye buti akarudi na wenzake. Wakafunga matangi kando ya kisima. Majirani wakasogea kutazama, wengine wamenuna.

Dada aliwaonyesha shanga ndogo nyeusi kwenye bakuli.

"Zimetengenezwa kwa kitu kinachotoka kwenye maganda ya kaa," alisema. "Kinaitwa kitosani. Risasi iliyo majini ikikigusa, inanasa, kama vumbi kwenye gundi. Ndani yake tumechanganya unga laini wa chuma unaovutwa na sumaku."

Fundi Betri akainua kichwa. "Kumbe shanga inashika risasi, na sumaku inaivuta shanga."

"Umenipata."

Walimwaga shanga ndani ya tangi wakakoroga kwa muda mrefu. Kisha wakaweka sumaku kubwa ubavuni mwa tangi. Shanga zikakimbilia upande ule kama siafu, maji yakabaki matupu. Mzee mmoja akanyoosha kikombe.

"Bado, babu," dada alimzuia. "Tusipopima tunabahatisha."

Kipimo kikaonyesha risasi imepungua, lakini haijafika kiwango salama. Watu wakaguna. Dada akaongeza shanga, akakoroga tena kwa muda zaidi, akapima upya. Safari hii maji yalikuwa salama.

"Tukazitengeneze wenyewe nyumbani?" Mama Chiriku aliuliza.

"Hapana. Hizi zina vipimo vyake. Zikijaa, tunaziosha kwa dawa ili zifanye kazi tena. Maji yale ya kuoshea ndiyo yenye risasi, kwa hiyo tunayafungia kwenye mapipa. Ukiyamwaga chini, umerudisha ugonjwa ulipotoka."

Maji ya tangi yaliendelea kupimwa. Fundi Betri aliacha kuyeyusha. Sasa anachaji betri tu, na mbovu anazipeleka kwenye kiwanda chenye kibali, mbali na makazi. Hukoga na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto, maana vumbi la risasi hufuata mtu hadi kitandani.

Chiriku alitibiwa. Mama alimpa maziwa, maharage na mboga za majani kama alivyoagizwa. Risasi ilishuka katika damu yake kidogo kidogo. Daktari alisema wamewahi, lakini waendelee kumpima.

Mpishi alijifungua salama. Mama Chiriku alisikia habari hizo kwa watu wengine, kwani salamu zilikuwa zimekatika. Asubuhi moja walikutana kwenye bomba la tangi, mmoja na ndoo, mwingine na ndoo na mtoto mchanga.

Mpishi alijaribu kufungua bomba kwa kiwiko. Halikufunguka. Akageuka.

"Mshike basi mwanao," alisema, "nichote maji."

Mama Chiriku akaweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye khanga, akampokea.