Bwana Nyasi Anakimbilia Wapi?

"Dada, samahani, sogea kidogo. Umeingia kwenye picha yangu."

Nilimtazama juu hadi chini. Nimesimama kwenye mlango wa kibanda changu cha kushona, mkasi mkononi, halafu mgeni ananiambia nimeingia kwenye picha yake!

"Kaka, mlango ni wangu. Picha yako ndiyo imeingia kwangu."

Akacheka mpaka akashusha kamera. Na mimi, jeuri yote ikaniishia hapohapo.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka miji midogo ambayo mabasi hayasimami, akipiga picha maduka yaliyofungwa, pampu za mafuta zilizokauka, na uwanda mtupu wa nyasi kama ule ulioko nyuma ya mji wetu. Watu wakambatiza Bwana Nyasi. Alipanga chumba kwenye gesti ya shangazi yangu aliyenilea, na kila alasiri alikuja kibandani kwangu "kusubiri mwanga". Mwanga ukifika, haondoki.

Kazi ilipokaribia kwisha, akaomba kunioa. Shangazi akamkalisha mapokezi, chini ya ubao wa funguo.

"Ukishamuoa, halafu?"

"Nitahamia hapa, mama. Nitakuwa nasafiri kikazi na kurudi."

"Wageni wangu wote husema watarudi. Hebu nionyeshe picha yako na yeye."

Akawasha kamera. Barabara. Ukuta. Nyasi. Mimi mlangoni, mimi na cherehani, mimi nasinzia mdomo wazi. Yeye hayumo hata moja.

"Unaona, kijana? Wewe kila mahali unapita tu. Mwanangu simpi mpita njia."

Niliumia sana, maana hofu hiyohiyo nilikuwa nayo mimi.

Asubuhi meseji ikaingia: "Vaa lile gauni la njano. Njoo uwandani."

Nilimkuta ameshasimamisha kamera kwenye stendi yake. Akanipeleka mbali, mbali kabisa, katikati ya nyasi.

"Nikibonyeza, inasubiri kidogo halafu inajipiga yenyewe. Nitakimbia nisimame na wewe."

"Umbali wote huu?"

"Nitafika."

Hakufika. Akarudi, akabonyeza, akatimua mbio tena. Hakufika.

"Si usogeze kamera!" nilipiga kelele.

"Nikisogeza, mlima ulio nyuma yako unakatika!"

"Kwani unanioa mimi au mlima?"

Akajaribu tena na tena, kiatu kikamvuka, na mara ya mwisho suruali ikapasuka nyuma. Alinifikia hoi, kamera imeshajipiga, akaanguka miguuni kwangu, tukacheka mpaka machozi. Kisha yangu yakageuka ya kweli.

"Hata moja haikutoka," nilisema.

"Mtumie hivyohivyo. Sitamdanganya mama."

Akazihamishia kwenye simu yangu, nikazituma zote na ujumbe: "Shangazi, tumeshindwa."

Simu ikaita hatujasimama.

"Nimeziona," shangazi alisema. "Huyu mtu ametupa mgongo, shati linapepea. Kila picha anakimbia. Anakimbilia wapi?"

Nilimwangalia Bwana Nyasi, jasho linamtiririka, anatafuta kiatu chake.

"Kwangu, shangazi. Zote anakuja kwangu."

Nikasikia anapenga kamasi.

"Haya. Mwambie awaite wazazi wake."

"Shangazi!"

"Na siku hiyo aje na suruali nzima. Mwanga ulikuwa mzuri mno, mwanangu. Nimeona kila kitu."